Kutibiwa kwa Mwanga

Hospitali ya Misheni,
Masasi.
4 Juni 1996

Kwa Kaka Isaka, Baba Selestini,
Chilangala, Newala.

Shikamoo kaka.

Mimi ni mzima isipokuwa kile kilichonileta huku. Natumaini nyumbani hamjambo, na kwamba mwanangu Priska anakusaidia kupulizia mikorosho salfa bila kukuumiza kichwa kwa maswali yake.

Habari ya kidonda ni hii. Walikata kipande kidogo wakakipeleka Dar es Salaam, na majibu yamerudi. Ni kansa ya mdomo wa chini. Wanasema imetokana na tumbaku niliyokuwa nikiiweka hapo tangu alipofariki Baba Priska. Sikubisha. Daktari wa zamu alinichorea kwenye karatasi sehemu atakayoikata, kama fundi cherehani anayepima kola. Nikamwuliza nitabaki na nini. Akasema nitakula, nitakunywa kwa uangalifu, lakini herufi zinazotaka midomo miwili zitanishinda.

Nilirudi kitandani nikazijaribu huku nimeubana mdomo wa chini kwa vidole. Baba haitoki, mama haitoki. Jina lako limenusurika, kaka, maana halina b wala m wala p. Priska amebaki nusu. Shikamoo haikunusurika kabisa. Na kwaya ya wazazi mtafute sauti ya pili kwingine.

Basi nimekikataa kisu. Kwa bahati yuko hapa daktari mgeni aliyekuja na njia nyingine. Fundi wake, Bwana Humphrey, mtu wa Bukoba, ana jina la kizungu la njia hiyo. Lakini mimi nimekuwa karani wa mizani ya ushirika mpaka mizani yenyewe ilipofunikwa turubai, na siwezi kumwandikia kaka yangu jina la kizungu wakati Kiswahili kipo. Nitatibiwa kwa mwanga. Nimekubali kwa hiari yangu, nikiwa na akili timamu.

Siombi kitu. Nakuarifu kwa kuwa wewe ndiye mkubwa wangu, na kwetu dada haingii jambo zito bila kaka yake kujua.

Ndimi mdogo wako,
Ursula (Mama Priska)


Chilangala,
12 Juni 1996

Mama Priska,

Marahaba. Barua yako nimeipokea kwa kondakta wa basi la Newala. Nimeisoma peke yangu, nikaikunja, nikaisoma tena. Sikumsomea mke wangu wala Priska.

Mimi ni katekista. Watu wa hapa huniletea hirizi zao nizichome, na mwezi uliopita tu nimechoma kadhaa nyuma ya kanisa, wenyewe wakitazama. Leo mtoto wa marehemu mzee Gasper ananiandikia kwa mwandiko mzuri, bila haya, kwamba anakwenda kutibiwa huko. Tena kwa hiari. Tena akili timamu. Jina la huko silirudii kwenye karatasi hii. Mambo ya namna hiyo hayatajwi, ukiyataja umeyakaribisha.

Unakumbuka baba alivyotukataza, na sababu yake unaijua.

Nimesikia kwamba siku hizi kila kitu ni ruksa. Wanunuzi wa korosho wanapita nyumba kwa nyumba na mizani za mkononi, mitumba imejaa mpaka Tandahimba, kila mtu anatandika chini anachotaka kuuza. Haya ni mambo ya serikali, siyaingilii. Lakini sikujua kwamba ruksa imefika mpaka kwenye hospitali ya misheni.

Nijibu wazi. Wanakufanyia nini? Wako wangapi? Na kazi yao wanaifanya mchana au gizani?

Kaka yako,
Isaka Gasper


Masasi,
19 Juni 1996

Shikamoo kaka.

Nimeielewa hasira yako. Baba alikataza hospitali tangu mama alipofia wodini, nami nakumbuka matanga yalivyokuwa, watu wanawalaani manesi kuliko walivyomlilia marehemu. Lakini baba naye alikufa kwa henia ambayo ingeshonwa kwa asubuhi moja. Wote wawili tunalijua hilo, tumelinyamazia tu.

Umeuliza, nakujibu kama nilivyokuwa nikijibu wakaguzi wa ushirika, bila kuongeza wala kupunguza. Kwanza walinidunga mshipani dawa ya rangi ya damu ya mzee. Dawa hiyo huzunguka mwili wote, kisha huiacha nyama nzima na kung'ang'ania nyama mbovu. Baada ya siku mbili ndipo wanapofanya kazi yao. Wako watatu: daktari, nesi Loyce na Bwana Humphrey. Wanafunga madirisha, wanazima taa zote, wanavaa miwani myeusi. Giza ni lazima.

Kuna mwanga wa bluu na mwanga mwekundu. Wa bluu ni wa kuonyesha, mwekundu ni wa kuua. Kwa wa bluu niliuona mdomo wangu kwenye kioo cha televisheni, nyama nzima nyeusi tii, na penye ugonjwa panang'aa kama kaa la moto. Nilijitazama kama ninayemtazama mtu mwingine. Ugonjwa ulikuwa umevuka ule mstari wa penseli wa daktari wa zamu, kwa hiyo kisu chake kingeubakiza. Kisha ikawa zamu ya mwekundu. Nilihisi joto na kuchomachoma, basi.

Mtihani uko baada ya hapo. Dawa bado imo mwilini mwote, na yeyote aliye nayo akipigwa na jua anaungua. Kwa wiki sita nisiguswe na jua hata la dirishani. Nimewekwa ndani kama mwali wa unyago wa chiputu, kwa umri huu, na somo wangu ni mwanamume wa Bukoba. Nikitoka jioni kwenda chooni navaa koti la baridi la mtumba, kofia pana na glovu za sufu za mtoto fulani wa Ulaya. Ungeniona ungekimbia.

Nina ombi moja. Ikibidi warudie, wodi haitaweza kuniweka tena muda wote huo, nitahitaji chumba cha giza nyumbani. Nimefikiria ghala lako la korosho. Tafakari, kisha uniandikie.

Mdogo wako,
Ursula


Masasi,
3 Julai 1996

Kwa Katekista Isaka Gasper,

Salaam. Mimi ni Humphrey, fundi wa mashine anayemhudumia dada yako. Tulionana jana uani na hatukusalimiana. Nakuandikia yaliyotokea baada ya ninyi kuondoka, na machache yaliyotokea mlipokuwapo ambayo huenda hukuyaona.

Mlifika mchana, wewe na wazee wawili wa kanisa. Tuliwakaribisha ndani, mkakataa kuvuka kizingiti cha jengo letu. Mkasimama juani, lile jabali la nyuma ya hospitali likiwarudishia joto. Dada yako aliitambua sauti yako. Nesi alimwambia asitoke, naye akasema hawezi kuacha kaka yake asimame nje bila salamu. Basi akamvalisha. Alipofika mlangoni alivua kofia, akavua koti na glovu, akaviweka kwenye benchi. Nikamwuliza anafanya nini. Akanijibu, "Siwezi kumwamkia kaka yangu nimevaa kofia kama bwana shamba." Akatoka, akapiga magoti mbele yako, akasema shikamoo.

Kwetu Bukoba pia mwanamke hupiga magoti akiamkia, na hainuki mpaka aitikiwe. Kwa hiyo nilielewa alichokuwa anangoja. Wewe ulikuwa unasema mengine, juu ya marehemu baba yenu, juu ya aibu, juu ya kurudi naye nyumbani kwa basi lile lile. Neno lenyewe hukulisema. Sikutazama saa. Mwishowe mimi na nesi tulimfunika shuka tukamwinua kwa nguvu, nanyi mkaondoka.

Kufikia jioni uso wake upande wa kulia ulikuwa umevimba. Leo ngozi ya shavu na ya mikono imetoka malengelenge na inabambuka. Atapona. Tatizo ni jingine. Wiki iliyopita tuliutazama mdomo tena, na pembeni pana sehemu ndogo ambayo bado inang'aa. Inabidi kurudia, na hatuwezi kurudia kabla ngozi haijapona. Mashine inarudishwa Ulaya mwisho wa Agosti. Tukichelewa, kinachobaki ni kisu, tena kikubwa kuliko kile alichokikataa.

La mwisho. Mmoja wa wazee wenu aliniuliza, "Mwanga mwenyewe yuko wapi?" Nikamwonyesha chumba cha mashine nikasema, "Uko mle ndani." Alirudi nyuma mpaka akagonga ukuta. Nilidhani ndivyo Kiswahili cha huku kilivyo. Jioni, nikiwa mezani, ndipo nilipoyaweka maneno hayo mawili pamoja, yuko na uko, nikaacha kula.

Bwana Katekista, mwanga wetu si mtu. Hasafiri kwa ungo wala hachezi makaburini. Ni taa. Unawashwa kwa swichi, na TANESCO wakikata umeme unazimika kama taa nyingine yoyote. Naona dada yako hajajua mlichokielewa. Sijamwambia, kwa sababu atacheka, na akicheka sasa hivi mdomo utapasuka.

Wako,
Humphrey


Masasi,
12 Julai 1996

Kwa Katekista Isaka Gasper,

Barua hii haina shikamoo. Sikusahau.

Bwana Humphrey ameniambia habari ya mwanga wa "uko" na mwanga wa "yuko". Alingoja kwanza nipate nafuu. Nilicheka, na mdomo ukapasuka kama alivyohofia. Halafu nikaiomba barua yako ya Juni nikaisoma upya, nikakumbuka na zangu nilivyoziandika: damu ya mzee, giza, mwekundu wa kuua. Kama ningeletewa mimi barua hizo, labda ningefunga safari kama wewe. Mimi niliyekataa neno la kizungu kwa kujivunia Kiswahili, Kiswahili kimenitia adabu. Kwa hilo la kunidhania nimekwenda kwa wachawi nimekusamehe siku hiyo hiyo.

Liko la pili, na la pili ni gumu.

Tuseme ilikuwa kweli. Tuseme nilikuwa nimekwenda kwa mwanga wa ungo na tunguri. Hata mchawi akikuamkia anaitikiwa, kaka. Umewafundisha hivyo watoto wa kipaimara, nami nilikuwa nimekaa benchi la nyuma nikikusikiliza. Mimi nilikuwa natibiwa ili nisipoteze neno moja. Wewe una midomo miwili mizima, na neno lililokuwa lako ukaninyima.

Humphrey aliniuliza kwa nini sikuinuka. Pale chini sikuwa nafikiria jua. Nilikuwa nafikiria kwamba nikiinuka kabla hujaitikia, nimekubali kwamba sina kaka. Baba hayupo, mama hayupo, Baba Priska hayupo. Kwa hiyo sikuinuka.

Imeniuma. Sipambi wala sizungushi, imeniuma kuliko ngozi.

Mikono inapona, ila imebaki na madoa, ya kulia kama imevaa glovu ambayo haivuliki. Daktari atanirudia katikati ya Agosti. Baada ya hapo nitakwenda kwa Mwalimu Rose kule Kitangari, ana chumba cha nyuma. Ghala lako liache lilivyo. Mwambie Priska anitumie kanga mbili nzito.

Ursula


Chilangala,
24 Julai 1996

Mama Priska,

Barua yako imefika bila shikamoo, kwa hiyo sina cha kuitikia. Nimestahili.

Ya Bwana Humphrey ilitangulia. Nilipofika kwenye maneno ya ngozi kubambuka niliiweka chini nikatoka nje, na Mama Selestini ndiye aliyenisomea iliyobaki. Nilikuja Masasi kukuokoa, Ursula. Nilikuwa nimefunga siku nzima ya jana yake. Uliponiamkia neno lilikuja mpaka kwenye meno, nikalimeza, kwa sababu nilidhani nikilitoa nimeibariki kazi ya yule mwovu. Nilijiona nina imani kubwa. Sasa hata kuandika haya kunanitia aibu.

Jumapili nilisimama mbele ya watu, na badala ya mahubiri nikafundisha sarufi. Niliandika ubaoni: mwanga umewaka, mwanga amewaka. Nikasema, la kwanza ndilo la dada yangu, la pili ndilo nililolitangaza kwenu mimi, katekista wenu, bila kumwuliza mwenyewe. Watu walicheka. Mzee Yohana, yule aliyemwuliza fundi "yuko wapi", alicheka kuliko wote, kisha akaenda kukaa nje mpaka ibada ikaisha.

Umesema ghala niliache lilivyo. Sikuliacha. Nimetoa magunia na pampu ya salfa, tumekandika kuta upya, dirisha nimeliziba kwa matofali na mlango nimeupigilia magunia mawili mawili. Mchana nikaingia, nikafunga, nikakaa kutazama kama kuna tundu. Nilidhani nimemaliza. Kumbe kwenye bati pana tundu la msumari, na jua lilikuwa limepita hapo likanikalia gotini. Doa dogo tu. Nikaliacha goti hapo hapo nione. Mimi sina dawa yoyote mwilini, na bado baada ya muda nililiondoa. Halafu nikapanda juu kuziba.

Ukienda kwa Mwalimu Rose sitakulaumu. Ni mtu mwema, na nyumba yake iko karibu na maji. Lakini bati lake nimeliona, lina matundu kama chujio. Nimemweleza, akasema atafanya utakavyo wewe.

Lile neno sitaliandika kwenye karatasi. Karatasini ni rahisi mno, hata mwoga huandika. Nitalisema kwa mdomo, nikipewa nafasi.

Kanga tatu, badala ya mbili, anakuletea Priska mwenyewe.

Kaka yako, kama bado ni kaka yako,
Isaka


Chilangala,
8 Septemba 1996

Bwana Humphrey,

Salaam nyingi, na pole kwa kazi ya kufunga mashine. Uliniambia niandike kila kitu hata kama nakiona hakina maana, basi soma kwa subira.

Gari lilinifikisha baada ya jua kuzama, kama ulivyoagiza. Utashangaa anwani. Kwenye njia panda dereva aliuliza kama ni Kitangari au Chilangala, na kabla sijafikiri mdomo ukajibu Chilangala. Umeutibu wewe, kwa hiyo lawama ni zako.

Chumba ni kizuri. Nakuandikia mchana kweupe kwa kibatari, na kibatari hiki hakijaniletea shida yoyote. Chumba kinanukia korosho na salfa. Priska huniletea uji na umbea, na Mama Selestini huniimbia sauti ya kwanza kutoka nje ili nisisahau ya pili.

Mdomo: tangu mliponirudia, ganda limeanguka lote. Chini yake pana ngozi mpya, laini, nyekundu kidogo kuliko upande wa pili. Hakuna kidonda. Maumivu kidogo nikila chumvi. Najua hilo si jibu. Jibu ni Novemba, nesi Loyce atakaponimulika tena kwa ile taa ndogo ya bluu mliyotuachia. Mpaka hapo mimi ni mtu anayengoja, na korosho zitakuwa zinaanguka. Nimekubali kungoja. Nina uzoefu.

Sasa habari ya kaka, ambayo si ya kitabibu.

Usiku ule nilipofika hatukusemezana. Alishika taa ya mkononi ameielekeza chini kabisa, isinipate, akanionyesha kitanda, akafunga mlango. Alfajiri nikasikia hatua zake zinakuja, zikasimama nje ya mlango wangu. Sikumwamkia. Nilikuwa nimekusudia kutosema kitu. Akasema, "Marahaba." Akaenda shambani.

Kesho yake akaja tena. Marahaba, akaondoka. Na keshokutwa yake. Kila siku, Bwana Humphrey, kabla hajanawa uso, anamwitikia mtu ambaye hajamwamkia. Priska anasema majirani wameanza kunong'ona kwamba katekista anaongea na ghala, na mmoja ameuliza kama si yule mwanga amemrudia. Kaka hajali. Nilinyamaza. Sitaki kujifanya mwema: nilitaka na yeye aonje kungoja.

Leo Jumapili niliamka mapema. Nilijaribu herufi kwa sauti ya chini, kama ulivyonifundisha: ba, ma, pa. Zote zipo. Hatua zikaja, zikasimama. Kabla hajafungua kinywa nikasema, "Shikamoo kaka." Ile m ikatoka nzima.

Hakuitikia. Nikasikia mgongo wake ukiburuzika kwenye mlango mpaka chini, halafu pumzi za mtu mzima anayelia huku anajizuia. Nje jogoo walikuwa wameshamaliza kuwika, na jua lilikuwa limeanza kupasha moto bati juu yangu. Safari hii mimi nilikuwa gizani. Ningeweza kumngoja mpaka jioni.

Wako,
Ursula Gasper (Mama Priska)